Mguu umevunjika, tumbo linaendesha: mala (maziwa ya mgando) au vidonge vya bakteria?

Kasarani_Kaka: Wakuu, naomba ushauri. Ndugu yangu, kilo 70, alivunjika muundi kwa bodaboda, mfupa ukatoka nje, akawekewa chuma. Anameza antibiotiki iitwayo siprofloksasini asubuhi na jioni, na sasa tumbo linamwendesha. Kemisti wa mtaani anasisitiza tununue vidonge vya bakteria wa tumbo, eti mfupa utaunga haraka. Ni kweli au tunakamuliwa? Na mala je?

Mfamasia_Ngara: Dawa asiiache. Mfupa uliotoka nje ukiingia usaha ni shida kubwa kuliko tumbo. Mala anywe, ila mbali na dawa: kalisi ya maziwa hushikana na siprofloksasini tumboni, nyingi ikapita bila kuingia kwenye damu. Dawa imezwe saa mbili kabla ya maziwa, au saa sita baada yake. Akimeza saa moja asubuhi na saa moja jioni, mala iwe saa nne asubuhi. Vidonge vya kuongeza damu na dawa za kiungulia ni vivyo hivyo.

Darubini: Kemisti ameokota nusu ya habari. Mwaka 2023 watafiti wa Harvard walionyesha kwamba chembe fulani za kinga, zinazotegemea bakteria wa utumbo, husafiri hadi kwenye msuli ulioumia na kutuliza uvimbe. Waliopewa antibiotiki walipona polepole na makovu yakazidi. Lakini hao walikuwa panya, na msuli si mfupa. Vidonge navyo vina kasoro: utafiti wa Weizmann wa 2018, huu wa watu, uliwapa bakteria wa aina 11 baada ya antibiotiki, na bakteria wao wenyewe wakachelewa kurudi kuliko kwa wale walioachwa bila kitu. Hela hiyo ipelekeni Marikiti ikanunue maharagwe.

LisheUmoja: Maharagwe ndiyo, ila si leo. Tumbo likiwa linaendesha, mpe wali, ndizi, viazi. Likitulia, anza na nusu kikombe cha githeri (mahindi na maharagwe), maharagwe yakiwa yamelowekwa usiku na maji kumwagwa, kisha ongeza kila baada ya siku tatu hivi hadi gramu 25–30 za nyuzinyuzi kwa siku. Ukikurupuka, atajaa gesi na aikatae kabisa. Viazi na nduma zilizopoa ni bora zaidi, maana sehemu ya wanga wake haimeng'enywi, inawafikia bakteria kwenye utumbo mpana.

Mala ya nyumbani: chemsha maziwa kwanza (mabichi yanaweza kuwa na brusela, bakteria wa ugonjwa), yapoe hadi vuguvugu, tia kijiko cha mala ya zamani, funika usiku kucha. Uji uliochachushwa ni mtamu, ila ukishachemka bakteria wamekufa.

Msisahau protini, gramu 84 hadi 105 kwa siku kwa mtu wa kilo 70 kama yeye. Yai moja lina kama gramu 6 tu. Na kama anavuta sigara, hiyo nayo inachelewesha sana mfupa kuunga.

Mfamasia_Ngara: Akiharisha majimaji mara tatu au zaidi kwa siku, au kukiwa na homa, damu au tumbo kukaza, arudi hospitali apimwe Clostridioides difficile, bakteria anayeweza kushambulia utumbo baada ya antibiotiki. Msimpe dawa ya kufunga tumbo kabla ya hapo.

Kasarani_Kaka: Asanteni. ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) je, pakiti moja kwa lita?

Mfamasia_Ngara: Soma pakiti. Nyingine ni za nusu lita, nyingine lita nzima. Ukikosea, chumvi inazidi au inapungua.