Naombeni ushauri: stori yangu ya upatu, kuna kikaratasi kimezidi kwenye sufuria

Kalamu_Pasua:
Wakuu habari za jioni. Naandika stori fupi ya kutisha imenikwamia, naombeni mawazo. Iko hivi, wamama 12 mtaa wa Pasua hapa Moshi wanacheza mchezo, laki moja kila mwezi, anayefikiwa anaondoka na milioni moja na laki mbili. Mwanzo wa mwaka wanaokota vikaratasi kujua nani wa ngapi. Sasa kwenye sufuria kuna kimoja kimezidi, hakina namba, hakuna aliyekikata wala kukikunja. Atakayekiokota hafi, ila akiamka kesho yake watoto wake wanamwambia shikamoo mama, unamtafuta nani? Na wenzake kwenye kikundi wanaona tangu zamani walikuwa wangapi tu hao waliopo, hawaoni pengo.

Anayeshtuka ni kijumbe peke yake, yule mama anayekusanya hela za mchezo, kwa sababu ya daftari. Mwaka huu kila mwezi imeandikwa 1,200,000, anafunua nyuma anakuta 1,300,000 na mwandiko ni wake, halafu kwenye safu ya majina kuna mstari mtupu, hauna jina ila tiki za kulipa zipo zote, Januari mpaka Desemba.

Nilipokwama: akishajua, aokote wa kwanza au wa mwisho ili apone? Na je niweke mganga nyuma ya haya yote? Mimi sitaki, nataka bahati yenyewe ndo itishe, maana mchawi utamkimbia, utamwombea, bahati utaiambia nini?

boda_kiboriloni:
Mangi weka mtu. Msomaji wa kibongo akimaliza stori anauliza nani kafanya, usipomwambia anakutukana. Au mpe huyo kijumbe kijana anayeshinda kwenye madubwi, zile mashine za kamari za mtaani, hela ya wamama imeliwa huko, laana ikaanzia hapo.

Ticha_Hesabu:
Boda nakupinga. Dubwi limetengenezwa ili mwenye dubwi apate, huo ni wizi wa taratibu, kila mtu anajua wa kumlaumu. Ya huyu jamaa inaogopesha kwa sababu sufuria haimpendelei mtu.

Kuhusu kuokota mwanzo au mwisho, mkuu ni sawasawa kabisa na ndo utamu wenyewe. Vikaratasi 13 watu 12, wa kwanza ana 1/13. Wa pili, ili kimpate lazima wa kwanza awe amekikosa, 12/13 mara 1/12, unarudi kulekule 1/13. Nenda hivyo mpaka wa mwisho haibadiliki. Wanafunzi wangu huwa wanabisha mpaka tuokote kweli darasani. Kwa hiyo waache wamama wagombee foleni, wasukumane, wakosane na mashoga zao wa miaka yote kwa kitu ambacho hakiwasaidii chochote. Na wakipungua hatari inapanda, 11 wakiokota kwenye 12 ni 1/12, wawili kwenye vitatu ni moja ya tatu.

Pia mpe mmoja wao ile imani ya "mimi nimeshapona sana, sasa zamu yangu inanukia". Kasino ya Monte Carlo mwaka 1913, kwenye kamari ya gurudumu lenye nyeusi na nyekundu, kigololo kilitua kwenye nyeusi mara 26 mfululizo, watu wakamwaga mamilioni kwenye nyekundu wakiamini lazima sasa igeuke. Kigololo hakikumbuki kilikotua.

MamaJ_Soweto:
Mdogo wangu, mimi michezo nimecheza tangu sijaolewa. Kijumbe haokoti! Kwetu kijumbe anachukua namba moja, ndo jasho lake la kukusanya na kufukuzana na wasiolipa. Sufuria inafunikwa kanga, unaingiza mkono kwa pembeni usichungulie, yeye kakaa kwenye stuli na daftari lake anaandika tu. Sasa fikiria, yuko salama kila mwaka na ndo peke yake anayejua. Mganga wa nini tena? Akisema, mchezo unavunjika, na hela ya Januari keshaipangia ada. Atanyamaza. Wala si mama mbaya, atapeleka hadi unga kwa yule aliyesahaulika analala kibarazani kwa watu Mbuyuni, ila kwenye kikundi hatafungua mdomo.

Kalamu_Pasua:
Mama shikamoo, hiyo naichukua nzima na boda anisamehe. Basi waokotaji ni 11 na vikaratasi 12. Na nimeona kingine, kikundi kikipungua fungu linapungua, kwa hiyo kijumbe itabidi atafute wa kuziba pengo. Mkwe wake anaomba kuingia, ana mtoto mchanga, anataka mtaji wa mitumba. Amwingize?

MamaJ_Soweto:
Marahaba. Atamwingiza. Akikataa ataulizwa kwa nini, aseme nini?

Ticha_Hesabu:
Amwingize, na mkwe apone. Kuna watu 11 na karatasi 12, upo mwaka ambao nyeupe inabaki chini ya sufuria bila kuokotwa na mtu. Fanya uwe mwaka huo. Hakuna aliyepotea, hesabu zimekaa sawa.

Kalamu_Pasua:
Aisee. Halafu kijumbe aone kumbe haina neno, mwaka unaofuata amwingize na binti yake wa kumzaa. Naandika usiku huu, nikimaliza naiweka hapa hapa.