Frateri wangu haachi Misa ya kila siku. Hiyo Misa inamjenga vipi kuwa padre?

Mama Zabibu, Veyula

Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni mkulima wa zabibu hapa Veyula, Dodoma. Mwanangu wa tatu ni frateri, anasomea upadre, yuko teolojia mwaka wa pili, na sasa yupo likizo nyumbani. Kila siku saa kumi na moja na nusu alfajiri nasikia baiskeli ikitolewa uani, anawahi Misa parokiani. Misa ikiisha harudi. Anabaki mbele ya tabernakulo, kile kisanduku cha kuhifadhia Komunyo, mpaka karibu saa mbili, ndipo anakuja shambani. Na huu ni wakati wa kuvuna. Zabibu tunazikata asubuhi, jua likishapanda zinaharibika kwenye kreti.

Baba yake alinyamaza wiki nzima. Juzi akasema, "Simkatazi kusali, ila zabibu hizi hazivunwi na sala."

Mimi lililo moyoni ni jingine. Nimezaliwa kigangoni, kanisa dogo la kijijini lililo mbali na parokia. Padre tulimwona mara moja kwa mwezi, masika hata hiyo hatukuipata, Jumapili nyingine zote katekista ndiye aliyetuongoza. Mwaka mmoja, Jumapili ya mavuno, tulikaa kanisani tangu saa tatu. Padre alifika saa saba na nusu. Hakusalimia wazee, akavaa, akaanza. Wakati wa matoleo bibi yangu alikuwa mwisho wa mstari, amevuka korongo kwa miguu na debe la uwele kichwani. Kabla hajafika mbele mstari ukakatishwa, akaambiwa aliweke pembeni. Aliliweka ukutani. Njia nzima ya kurudi hakusema neno.

Padre yule naye alipita seminari. Naye aliamkia Misa kila siku miaka yote ile. Basi wenye kujua mnisaidie: hiyo Misa ya kila siku inafanya nini ndani ya kijana? Na kama kweli inafanya, mbona kwa mwingine haikufanya?

Mwalimu wa Kondoa

Milele amina, mama. Nilikaa seminari kuu miaka minne, nikatoka kwa hiari yangu. Sasa nafundisha sekondari na nina familia.

Nitasema ukweli wangu. Kengele ilikuwa saa kumi na moja, Masifu ya asubuhi, tafakari, halafu Misa. Mwaka wa kwanza nilikuwa na moto. Wa pili nilikuwa nasinzia. Kuwepo kanisani kila siku hakukunibadilisha kwa kuwepo tu.

Kilichoniamsha ni zamu ya sakristia, chumba cha mavazi na vyombo vya Misa. Nilipewa kufua vitambaa vya kufutia kalisi, kikombe cha divai ya Misa, na mzee mmoja padre akanifundisha kwamba maji ya kwanza ya kuloweka hayamwagwi kwenye mfereji, yanamwagwa kwenye udongo safi, kwa sababu ya heshima ya Damu ya Bwana. Akanisimamia mpaka nikafanya. Nilisimama pale na beseni mkononi nikajiuliza, kumbe sisi tunaamini kweli? Tangu siku hiyo Misa haikuwa tena kipindi kwenye ratiba. Sikuwa padre, lakini hilo sijaliacha.

Padre wa vijijini

Milele amina. Mimi ni padre, huu ni mwaka wa 16 tangu nipewe daraja la upadre, na parokia yangu ina vigango 12. Nimelisoma swali lako mara mbili kabla ya kujibu, kwa sababu ya bibi na debe lake.

Sheria ya Kanisa, kanuni ya 246, inasema adhimisho la Ekaristi liwe kiini cha maisha yote ya seminari. Papa Yohane Paulo II, katika Pastores Dabo Vobis ya mwaka 1992, alitaka mafrateri washiriki Misa kila siku ili wakishakuwa mapadre waishike kama kanuni ya maisha yao. Hayo mwanao ameshafundishwa. Mimi nililolielewa baadaye, nikiwa tayari padre, ni kwamba seminarini frateri haadhimishi Misa. Miaka minane, tisa, yuko kwenye benchi. Anapanga mstari kama wewe, anapewa. Hata awe wa kwanza darasani katika somo la sakramenti, hajipi mwenyewe. Kwangu malezi yenyewe yako hapo. Aliyepokea kweli miaka yote hiyo haioni Misa kuwa mali yake ya kugawa apendavyo. Anajua kwamba mbele yake yupo mtu aliyetoka mbali, maana na yeye alikuwa upande huo.

Siku ya daraja askofu humkabidhi padre mpya patena yenye mkate na kalisi yenye divai, akimwambia apokee matoleo ya taifa takatifu la Mungu, atambue anachokifanya na aige anachokiadhimisha. Matoleo ya watu, mama. Debe lile la uwele lilikuwa humo.

Umeuliza mbona kwa mwingine haikufanya. Moyo wa padre yule siujui, wala njia aliyopita asubuhi ile. Huenda alishatoka vigango viwili na hajala. Ninayemjua ni mimi. Kanuni ya 909 inamtaka padre ajiandae kwa sala kabla ya Misa na amshukuru Mungu baada yake. Miaka yangu ya mwanzo hilo nilikuwa naliruka. Natoka kigango hiki, pikipiki, nafika kile, naanza. Siku moja nikajikuta nasoma Sala ya Ekaristi huku nawaza kama mafuta yatanifikisha nyumbani. Niliogopa. Sasa nikifika nawasalimia wazee kwanza, halafu naingia sakristia, ambayo mara nyingi ni nyuma ya pazia tu, nakaa dakika tano kimya. Ile saa ya mwanao mbele ya tabernakulo ni akiba ya dakika hizo tano. Atazihitaji sana.

Ila baba watoto naye ana haki. Misa huisha kwa watu kutumwa. Aende Misa, ashukuru robo saa, arudi shambani kabla jua halijapanda; kuabudu akafanye jioni. Na umwangalie anavyosema na vibarua mnapobeba kreti. Walezi wake wanamwona kanisani, hayo ya shambani unayaona wewe.

Katekista, Singida

Naongeza kidogo. Tulipata frateri wa mwaka wa kichungaji, ule wa kutumwa kufanya kazi parokiani. Padre alimtuma awapelekee wagonjwa Komunyo, mimi nikimwonyesha njia. Nyumba ya tatu palikuwa na bibi aliyepooza, harufu ni kali. Kijana alipiga magoti chini kwenye vumbi, akangoja bibi ameze, ilichukua muda mrefu sana. Kisha akauliza maji yako wapi, akamwosha uso. Njiani kurudi akaniambia, "Katekista, darasani walituambia haya, sikuwa nimeyasikia." Leo ni padre. Kwenye kigango chetu akija hatuulizani Misa itaisha saa ngapi.

Mama Zabibu, Veyula

Nawashukuru wote. Padre, nimekusomea kwa sauti mbele ya baba yake, akasema tu, "Huyo padre amekaa shambani."

Jana usiku nilimweleza frateri habari ya bibi. Hakuwahi kuisikia, mimi mwenyewe sijui kwa nini sikuwahi kumwambia. Alikaa kimya, akauliza lile debe liliishia wapi. Nikamwambia sijui, huenda katekista alilichukua baadaye pamoja na matoleo mengine. Akaniuliza tena, lakini liliwekwa ukuta upi?

Leo asubuhi alirudi kabla ya saa moja, akaanza mstari wa nne pamoja na baba yake. Jumapili ijayo kigangoni kwetu kuna Misa, paroko amemwomba atumikie altareni. Ameniomba twende mapema nimwonyeshe ule ukuta.