Mada: MRI inasema «Modic 1», nimwagize mdogo wangu dawa Kariakoo?

Kutoka: Mama Neema, Bergen

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Mgongo umenilaza tangu Septemba. Kazi ni ileile ya nyumba ya wazee, kuinua na kugeuza. Majibu ya MRI: diski ya chini imechakaa na kuna Modic 1. Dada yangu aliyeko Denmark anasema hao ni bakteria, nimeze amoxicillin siku mia. Fastlege wangu, yaani daktari wangu wa kawaida hapa Norway, kakataa kuandika. Mdogo wangu anakuja Krismasi. Nimwagize zile kapsuli za rangi mbili?

Kutoka: Baba Salum, Oslo

Marahaba, pole sana. Mimi mtu wa maabara tu, si daktari. Modic ni jina la daktari wa picha wa Marekani, si la mdudu. Modic 1 maana yake mfupa uliopakana na diski unaonekana umevimba kwa maji.

Dada yako hakutunga. Mwaka 2013 Hanne Albert na wenzake hukohuko Denmark waliwapima wagonjwa 162. Waliopewa amoxicillin yenye clavulanate kwa siku 100 walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa vidonge bandia, visivyo na dawa ndani. Mshukiwa ni Cutibacterium acnes, yule wa chunusi. Hapendi oksijeni, na diski haina mishipa ya damu, kwa hiyo humo angestarehe. Lakini huyo anaishi kwenye ngozi ya kila mtu, na kisu cha upasuaji kinachochukua kipande cha diski cha kupima hupita ngozini kwanza. Siku kadhaa baadaye akiota kwenye sahani yangu ya maabara, nitajuaje katoka kwenye diski au njiani? Ubishi haujaisha.

Wanorwei wakarudia: wagonjwa 180, hospitali sita, amoxicillin miezi mitatu, matokeo yakatoka kwenye BMJ, jarida la madaktari la Uingereza, mwaka 2019. Baada ya mwaka, tofauti ilikuwa pointi 1.6 kwenye kipimo cha alama 24 cha jinsi mgongo unavyomzuia mtu shughuli zake, wakati wenyewe walitaka angalau 4. Madhara yaliwapata 56% ya waliomeza dawa, na 34% ya wale wa vidonge bandia. Ndiyo maana fastlege wako kagoma, na mimi namuunga mkono.

Kutoka: Da Rehema, Stavanger

Naongezea moja. Mjomba alifika kutoka Mwanza analalamika mgongo, tukamkanda kwa mafuta ya nazi wiki tatu. Usiku shuka linalowa jasho, suruali zinamvuka. Kumbe TB ya uti wa mgongo. Mama Neema, kama una homa, jasho la usiku au unakonda, au uliwahi kukaa na mgonjwa wa TB, mwambie fastlege waziwazi. Hapa hawaifikirii haraka. Na usianze antibiotiki kienyeji kabla ya vipimo, mdudu anaweza asionekane tena. Miguu ikilegea, ukafa ganzi katikati ya mapaja au mkojo ukagoma, usingoje miadi, piga 113, namba ya ambulensi hapa Norway.

Kutoka: Mama Neema, Bergen

Asanteni. Sina homa, na kukonda ndiyo kwanza natamani. Mdogo wangu nimeshampigia. Kabaki na unga wa muhogo na vitenge. Jumanne naenda kwa fysio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Ila jamani, nani ana mkanda wa kuhamishia wagonjwa? Wa kwetu kazini umekatika tangu kiangazi na bosi anasema umeagizwa.