Saiti za Dar: kofia ngumu zinatoka stoo siku ya mkaguzi tu, vibarua tunaumia mmoja mmoja na hakuna anayeuliza

Wakuu, leo nina hasira, lugha ikiwa kali mnivumilie. Mimi ni fundi nondo, nilianza kama saidia fundi, na saiti za maghorofa hapa Dar nimezunguka nyingi. Bosi simtaji na mtaa sitaji, bado nina watoto wa kulisha.

Wiki iliyopita mwenzetu kaanguka. Jukwaa la kusimamia mafundi lilikuwa la mirunda, yaani miti ya kujengea, ile ile inayohamishwa saiti hadi saiti, inapigwa misumari na kung'olewa mpaka kichwa cha mrunda kinabaki matundu matupu. Bao la kukanyagia lilikuwa moja, limelazwa tu juu, halijafungwa waya wala kupigwa msumari. Kasogea pembeni kupokea karai, bao likabinuka, likaenda naye. Ghorofa ya pili. Nyonga imevunjika.

Sasa sikieni kilichofuata. Bajaji hata haijafika, foremani kakimbilia stoo, karudi na kofia ngumu, kaiweka pale chini karibu na majeruhi. Nimeona kwa macho yangu. Halafu akamwinamia: "Mdogo wangu, wakikuuliza hospitali sema umeanguka na bodaboda." Mtu anagugumia kwa maumivu, yeye anamfundisha maelezo ya kutoa kwenye PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi! Bosi alipopigiwa simu akatuma laki moja na pole. Asubuhi yake nafasi ya jamaa ikachukuliwa na kijana aliyeokotwa getini, akapandishwa jukwaa lile lile, bao lile lile.

Kisha tukakusanywa na kuambiwa, "Nyie mafundi hamjipendi, hamvai vifaa."

Hapo ndipo povu liliponitoka. Hiyo kofia ingezuia bao lisibinuke? Kofia inasaidia tofali likikudondokea kichwani. Haishiki jukwaa, haizuii shimo lisiporomoke, wala haizimi waya uliochunika ukipita kwenye dimbwi la maji. Nimewahi kufanya kazi kwenye mradi mmoja mkubwa wenye ofisa usalama wa kweli, na pale ndipo nilipojua hii biashara tumegeuziwa juu chini. Yule ofisa alikuwa anaanza na hatari yenyewe: inaweza kuondolewa kabisa? Kama haiwezekani, iwekewe kizuizi isimfikie mtu. Kisha ndiyo unapanga kazi vizuri, nani anapita wapi na saa ngapi. Kofia, glovu na buti ni mwisho kabisa, kwa ajili ya kilichobaki. Huku kwetu wanaanza na kofia, wanamalizia na kofia, na hiyo kofia yenyewe imefungiwa stoo. Inatoka siku mkaguzi anapokuja. Nani huwa anawapigia simu kuwatonya, Mungu ndiye ajuaye, lakini asubuhi hiyo tunagawiwa riflekta mpya zina mikunjo ya kiwandani, na jioni tunazirudisha kwa kusaini.

Na msinidanganye kwamba usalama ni gharama. Jukwaa la yule jamaa lilihitaji nini? Mabao matatu badala ya moja, waya wa kufungia, ambao umejaa pale saiti maana ndio ninaofungia nondo kila siku, na mti mmoja wa kupita kiunoni mtu apate pa kujizuia. Saa moja ya seremala. Tena kwenye slebu hiyo hiyo, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, kuna tundu la lifti limeachwa wazi, limefunikwa kwa mfuko wa saruji uliopasuliwa. Mfuko wa karatasi! Anayepita hapo na ndoo ya zege begani haoni chini, ataukanyaga akidhani ni takataka tu.

Mashimo ndiyo yananitisha kuliko yote. Udongo wa Dar sehemu nyingi ni mchanga, mvua ikinyesha usiku asubuhi ukuta wa shimo unamwagika. Unakuta vijana wameshuka kwenye msingi unaowapita kimo, kuta zimesimama wima, hakuna mbao za kukingia, na udongo uliochimbuliwa umerundikwa pale pale ukingoni, unasubiri tu. Mita moja ya ujazo ya udongo ni zaidi ya tani moja na nusu, ni kama uangukiwe na gari dogo. Udongo ukikubana kifuani hupumui, hata kama kichwa kiko nje. Kulaza kuta kwa mteremko, kusogeza kifusi mbali na ukingo, kuweka ngazi ya kutokea: hayo mambo hayataki mzungu wala pesa za mkopo. Yanataka mtu mwenye mamlaka aseme "leo hatushuki mpaka liwekwe sawa." Saidia fundi anayelipwa elfu kumi na tano kwa siku akisema hivyo, kesho hana kazi.

Sitaki hata kuingia kwenye vumbi la grenda linalokata marumaru bila tone la maji, au wapiga zege wanaoingia na yeboyebo mpaka saruji inawatoboa vidole. Na mama lishe wetu, maskini, anapanga masufuria yake chini ya winchi kwa sababu ndipo penye kivuli.

Kinachoniuma zaidi ni jinsi nchi yetu inavyoshtuka. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013 ghorofa lililokuwa linajengwa karibu na Kisutu lilianguka, wakafa watu zaidi ya 30. Novemba 16, 2024 likaanguka la Kariakoo, wakafa zaidi ya 20, wengine walikuwa madukani tu wanatafuta riziki. Mara zote mbili viongozi walifika, kamera zikafika, na kwa la Kariakoo ikaundwa tume. Ni haki, waliokufa walikuwa wengi kwa mpigo. Ila sisi tunadondoka mmoja mmoja. Leo wa mirunda, mwezi ujao wa umeme, baadaye wa kifusi. Mmoja hana tume. Mmoja anachangiwa nauli na wenzake arudishwe kwao.

Sheria tunazo, msije kuniambia hatuna. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni ya 2003, na inataka mwajiri ndiye ahakikishe mahali pa kazi ni salama. Kila eneo la kazi linatakiwa lisajiliwe OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini. Mfuko wa fidia, WCF, upo, na anayechangia ni mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti. Sasa jiulize kwa nini foremani alitaka iwe ajali ya bodaboda. Ikiandikwa kwamba mtu kaumia kazini, maswali yanaanza: alikuwa ameorodheshwa? Michango yake iko wapi? Jukwaa alilikagua nani? Ikiwa bodaboda, mafaili yote yanabaki safi.

Halafu kuna hii ya mkandarasi wa kibao. Getini kibao kimejaa majina, mkandarasi, mhandisi mshauri, msanifu, kila kitu. Ndani anayeamua ni mwenye jengo na foremani wake. Huyo mkandarasi nimemwona mara moja, alishuka kwenye gari kupiga picha, akapanda. Likitokea la kutokea, kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole, na kibarua hajui hata amshtaki nani.

Naomba wanaojua haya mambo wanisaidie: jamaa hana mkataba wa maandishi. Kinachoonyesha kwamba alikuwa kazini ni daftari la mahudhurio la foremani, miamala ya simu ya malipo ya wiki, na sisi tuliokuwepo. Vinatosha kufungua madai? Na hayo maelezo ya bodaboda kwenye PF3 yanaweza kurekebishwa, au ndiyo imetoka hiyo?

NYONGEZA: Kuna mkuu hapo chini anasema fundi mwenye akili angelikataa hilo jukwaa. Mkuu, njoo getini saa kumi na mbili asubuhi uone vijana waliosimama pale wanasubiri mmoja akatae.

NYONGEZA 2: Aliyeniuliza inbox, ndiyo, picha za jukwaa ninazo, nilipiga kabla halijabadilishwa. Tundu la lifti pia ninalo. Siziweki hapa kwa sababu ukuta wa jirani unaonekana na watajua ni saiti gani. Kama wewe ni wakili au upo kwenye chama cha wafanyakazi, sema, nitakutumia. Daftari la mahudhurio ndilo silipati, tangu siku ile foremani anatembea nalo kwapani.