Mwalimu wa nyumbani hampi mwanangu insha za mfano. Je, aendelee naye?

Mzazi_Milimani (Kisumu)
Walimu na wazazi wenzangu, hamjambo. Mwanangu yuko kidato cha tatu na alama zake za insha za Kiswahili hazijapita 9 kati ya 20. Nimemtafutia mwalimu wa Jumamosi, lakini mbinu zake zinanitatiza. Hampi insha za kuiga wala methali za kukariri. Siku ya kwanza aliomba madaftari ya zamani, akayasoma kimya kwa muda mrefu, kisha akamwagiza kijana aandike jinsi samaki wanavyouzwa ufuoni Dunga, ambako shangazi yake ni mchuuzi. Katika fasihi, wanasoma onyesho moja la tamthilia kwa sauti, kila mmoja na mhusika wake, kisha anamuuliza kwa nini fulani amenyamaza pale alipotarajiwa kujibu. Kijana anafurahia, ila mtihani hausahihishi furaha.

Mwalimu_Kakamega
Mzazi mwenzangu, kuanza na madaftari ndiko kufundisha kwenyewe. Makosa ya wanafunzi hayafanani hata wakikaa dawati moja: anayezungumza Kibukusu nyumbani huenda akaandika "kari" badala ya "gari", ilhali aliyelelewa kwa Kidholuo huandika "samba" akikusudia "shamba", na kwa kuwa lugha yake haina ngeli kama zetu, upatanisho humponyoka sentensi inaporefuka. Ukiwapa zoezi moja, mmoja wao anapoteza wakati. Insha ya kukariri nayo haiokoi mtu. Methali nyingi wanazopewa kutungia kisa zina pande mbili, na kisa kilichobebwa kutoka kitabuni kikigusa upande mmoja tu, hakitapata alama za juu hata ndege wakitumbuiza kwa nyimbo tamutamu tangu aya ya kwanza.

BabaWatatu (Nakuru)
Kuhusu insha nakubali. Kuhusu fasihi nina shaka. Karatasi ya tatu ya KCSE, yaani ya fasihi, ina alama 80, maradufu ya karatasi ya insha, na maswali yake yana desturi zake. Ukiulizwa muktadha wa dondoo, yaani maneno yaliyonukuliwa kitabuni, kwa alama nne, unatakiwa kusema nani anazungumza, na nani, wapi na kwa sababu gani, basi. Binti yangu aliielewa riwaya vizuri sana, lakini alikuwa akisimulia hadithi nzima mahali palipohitaji hoja nne. Mwombe mwalimu afunge kila kipindi kwa dondoo kutoka onyesho lilelile waliloigiza, lijibiwe kwa maandishi, saa ikiwa mezani.

Mzazi_Milimani (Kisumu)
Asanteni. Nimefungua daftari jioni hii. "Samaki ambazo" imepigiwa mstari kila ilipotokea, bila kusahihishwa. Kijana ameachiwa aandike "samaki ambao" mwenyewe. Kuna pia aya kuhusu mchuuzi anayebonyeza mizani kwa kidole gumba, jambo ambalo sikujua kama analiona. La dondoo nitamweleza mwalimu. Je, ushairi auanze na arudhi, yaani kanuni za vina na mizani?

Mwalimu_Kakamega
Hapana, arudhi isubiri. Kwanza aandike ubeti mmoja kwa lugha nathari, yaani kwa maneno ya kawaida yasiyo ya kishairi. Swali hilo hutokea mara kwa mara, na jibu lake humwonyesha mwalimu papo hapo ni mshororo upi ambao mtoto ameupita bila kuuelewa. Hapo ndipo pa kuanzia Jumamosi ijayo.