Kamati ya Miaka 40: keki ya jibini ya Baba na Mama

*Jumatano jioni*

Neema: Shikamoo Shangazi Stella, shikamoo Baba Mdogo, na ninyi wengine habari za jioni. Kama tulivyokubaliana kwenye kikao cha Jumapili, mimi nimekabidhiwa kitindamlo cha sherehe ya miaka 40 ya ndoa ya Baba na Mama, na nimeamua kutengeneza keki ya jibini ya chokoleti yenye matabaka, ile ambayo tabaka lake la juu hutiwa kileo cha krimu, kwa sababu Mama aliionja nyumbani kwa rafiki yake Mbezi na mpaka leo anaitaja. Jana usiku nilifanya jaribio na limeniharibikia. Tabaka jeupe lilizama ndani ya lile jeusi, na nilipofungua ukingo wa chombo, vyote viliteremka kwenye sinia kama uji. Naomba msaada kabla ya Jumamosi, maana jibini laini ni ghali na sitaki kumaliza fedha za michango kwa majaribio.

Shangazi Stella: Marahaba mwanangu, na pole sana. Kabla sijasema lolote, nieleze ulivyofanya hatua kwa hatua, hasa muda uliosubiri kati ya tabaka moja na jingine.

Neema: Nilisaga biskuti nikazichanganya na siagi, nikazishindilia chini ya chombo. Nikamimina tabaka la chokoleti na kuliweka kwenye friji kwa dakika 20 hivi, ndipo umeme ukakatika. Kwa kuwa tabaka la pili lilikuwa tayari kwenye bakuli, niliogopa litaharibika kwa joto, nikalimimina juu ya lile la kwanza. Kileo nilitia kikombe kizima cha chai, kwa sababu nilitaka ladha yake isikike, na nikakamulia ndimu mbili ili mchanganyiko uwe mzito.

Shangazi Stella: Sasa nimeelewa. Umeme umechangia, lakini hata usingekatika keki ile isingesimama.

Kwanza ni muda. Hapa kwetu, chokoleti huanza kulainika hata ukiwa umeiweka tu juu ya meza, kwa sababu huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, na jiko la Dar es Salaam mchana wa joto haliko mbali na hapo. Tabaka la chokoleti halishikwi na kitu kingine isipokuwa ubaridi: mafuta ya kakao yaliyomo ndani yake yakishapoa ndipo yanapoganda na kulibeba jibini. Dakika 20 hazitoshi. Lipe saa moja na nusu kwenye friji, au dakika 40 kwenye friza, kisha uliguse katikati kwa ncha ya kidole. Kidole kikitoka kikavu, bila alama ya kahawia, hapo lina uwezo wa kubeba tabaka jingine.

Pili ni hicho kikombe. Kileo ni kimiminika, na kadiri unavyokiongeza ndivyo unavyoifanya krimu ishindwe kusimama. Kwa chombo cha sentimita 23, mililita 60 zinatosha kabisa, yaani vijiko vinne vya chakula. Ladha yake itasikika, usiwe na wasiwasi, kwa sababu jibini haina kelele ya kuifunika.

Na ndimu uiache kabisa. Ndani ya kileo hicho mna krimu ya maziwa, na ikikutana na uchachu mkali hukatika ikawa chengachenga. Zile punje ulizoziona pembeni mwa bakuli, kama uliziona, zilitokana na ndimu.

Neema: Niliziona, Shangazi. Nilidhani ni jibini ambayo haikupigwa vizuri.

Shangazi Stella: Zinafanana kwa macho, ila ukisugua kwa vidole utazitofautisha. Donge la jibini ni laini na hupondeka. Maziwa yaliyokatika ni kama chengachenga za mtindi. Ili usipate madonge ya jibini, itoe kwenye friji nusu saa kabla ya kuipiga.

Baba Mdogo: Marahaba Neema. Nina chupa ya Amarula niliyoletewa kutoka Afrika Kusini, ile yenye picha ya tembo, na haijafunguliwa. Kama inafaa, naitoa kwa ajili ya kaka yangu na shemeji, ili kamati isinunue nyingine. Je, ni kitu kimoja na ile Baileys aliyoionja mama yenu?

Shangazi Stella: Ni za jamii moja, kaka, lakini si kitu kimoja. Baileys inatoka Ireland, imeuzwa tangu mwaka 1974, na ni wiski iliyochanganywa na krimu na ladha ya kakao, ndiyo maana inaelewana na chokoleti bila kuombwa. Amarula inatokana na tunda la mng'ongo, mti ambao hata kwetu Tanzania unaota, nayo ina utamu wa tunda wenye uchachu mdogo kwa mbali, ambao haufiki kiwango cha kukata krimu. Nguvu yake ni karibu sawa, kwa kawaida chupa zote mbili huandikwa asilimia 17. Mimi binafsi naipenda zaidi Amarula juu ya chokoleti chungu. Tuitumie hiyo, na asante sana.

Deo: Samahani kuingilia. Watoto watakuwa wengi, na upande wa mke wangu watakuja watu wasiotumia kileo. Je, Neema hawezi kukichemsha kwanza ili pombe iishe, tukabaki na ladha tu na keki ikaliwa na wote?

Zuhura: Mume wangu, naomba hapo niseme, na wifi yangu Neema asinielewe vibaya, kwa sababu najua amejitolea. Mwaka juzi nilialikwa kwenye harusi katika ukumbi mmoja hapa mjini, tukaletewa vikombe vidogo vya krimu ya chokoleti bila maelezo yoyote. Nilikuwa nimekwisha kula nusu, na nimemlisha mwanangu vijiko viwili, ndipo mhudumu akamwambia mgeni wa meza ya jirani kwamba ndani yake mna pombe. Sikumlaumu mwenye harusi, lakini usiku ule sikulala vizuri. Si suala la kiasi, wala la kuchemshwa. Ninachoomba ni kujua ninachokula.

Shangazi Stella: Zuhura mwanangu, pole, na uko sahihi kabisa. Deo, kuchemsha hakutatui jambo. Hata mchuzi uliotiwa pombe ukatokota nusu saa bado hubaki na takriban theluthi ya pombe yake, sembuse keki hii ambayo haiingii motoni kabisa. Kinachotiwa ndani ndicho kinacholiwa. Tena ukichemsha krimu ile, utabaki na kitu chenye mafuta yanayoelea juu.

Kwa hiyo tutatengeneza vya aina mbili, na sitaki tofauti iwe ya kibao peke yake, kwa sababu mtoto wa miaka minne hasomi kibao na mtu mzima mwenye njaa naye hasomi. Tofauti iwe ya umbo. Keki ya duara, moja tu, ndiyo yenye kileo, na itakaa meza ya wazee ikiwa na karatasi inayosema hivyo kwa herufi kubwa. Isiyo na kileo itakuwa kwenye bilauri ndogo, na hakuna bilauri hata moja itakayotiwa Amarula, hata mtu akiomba. Ukimwona mtoto ana bilauri, una amani.

Zuhura: Nashukuru sana, Shangazi. Na gelatini, ule unga wa kugandishia keki, je? Nimeona pakiti nyingi zisizoeleza imetokana na mnyama gani.

Shangazi Stella: Umeuliza jambo la maana, kwa kuwa gelatini nyingi hutokana na nguruwe au ng'ombe, na pakiti isiyosema haifai kuaminiwa. Uzuri ni kwamba bilauri hazihitaji gelatini hata kidogo. Gelatini tunaitia ili keki isimame yenyewe tukishaondoa ukingo. Kitu kilichomo ndani ya glasi hakina haja ya kusimama. Kwenye duara Neema atatumia ile ya ng'ombe yenye alama ya halali, ili hata vyombo vyetu visituletee mashaka.

Zuhura: Basi bilauri naomba nizitengeneze mimi hapa kwangu, kwa vyombo vyangu. Badala ya kileo nitatumia kahawa nzito iliyopoa, nitaikoroga na maziwa mazito ya kopo na iliki kidogo iliyotwangwa.

Shangazi Stella: Mililita 60 hizohizo, na kahawa iwe imepoa kabisa. Iliki na chokoleti ni ndugu. Kwa kweli mimi nitaanza na bilauri.

*Alhamisi asubuhi*

Neema: Shikamoo Shangazi. Nimenunua vitu vyote, biskuti na chokoleti Kariakoo, jibini na krimu dukani Mikocheni. Naomba uniandikie vipimo ili nisikisie.

Shangazi Stella: Marahaba. Chini, biskuti gramu 250 zilizosagwa zikawa kama mchanga wa pwani, na siagi gramu 110 iliyoyeyushwa. Nasema siagi ya maziwa, si ile ya kupaka mkate itokanayo na mafuta ya mimea, ambayo hailigandishi tabaka vizuri. Shindilia kwa kitako cha glasi, uingize kwenye friza.

Tabaka jeusi ni jibini gramu 250, sukari ya unga gramu 60, chokoleti chungu gramu 150 na krimu mililita 200. Yeyusha chokoleti kwenye bakuli lililowekwa juu ya sufuria yenye maji ya moto, na bakuli lisiguse maji. Uwe mwangalifu na mvuke: tone moja la maji likiingia, chokoleti hukakamaa ikawa kama udongo, na ukiifikisha hapo haitapigika tena na jibini. Ikishayeyuka, iache ipoe mpaka ukigusa bakuli kwa nje usisikie joto, ndipo uichanganye na jibini, na mwisho krimu iliyopigwa.

Krimu nayo iwe na mafuta asilimia 35 au zaidi, soma pakiti, na bakuli pamoja na vile vyuma vya mashine vikae friza robo saa kabla. Kwa joto letu, bakuli la vuguvugu ndilo linalowashinda watu wengi. Wanapiga krimu dakika kumi, inabaki maji, wanadhani wameuziwa mbovu. Simama pale inapoacha mistari nyuma ya mashine. Ukizidisha, inageuka siagi.

Tabaka jeupe ni jibini gramu 250, sukari gramu 60, krimu mililita 200, Amarula mililita 60 na gelatini vijiko viwili vya chai. Gelatini uinyunyize juu ya vijiko vinne vya maji baridi, uiache dakika tano ivimbe, kisha uipashe juu ya maji ya moto mpaka iwe angavu, bila kuichemsha. Sasa sikiliza hapa, kwa sababu ndipo wengi wanapokwama: usiimimine gelatini moja kwa moja kwenye jibini baridi, itaganda nyuzinyuzi. Chota vijiko vitatu vya mchanganyiko wa jibini, uvikoroge ndani ya gelatini kwanza, vikishapatana ndipo urudishe vyote kwenye bakuli kubwa.

Wakati wa kumimina, shika kijiko kikiwa kimegeuzwa, mgongo juu, karibu na tabaka jeusi, na umimine polepole juu ya mgongo huo. Krimu itatawanyika yenyewe bila kuchimba shimo katikati.

Deo: Na umeme ukikatika tena?

Shangazi Stella: Usifungue friji. Ikiwa imefungwa, inatunza ubaridi wake kwa takriban saa nne. Bakuli lililokwisha kuandaliwa nalo liingie humohumo, lisubiri. Krimu ikilegea unaipiga kidogo tena. Lakini usimimine kwa sababu ya hofu. Anza kesho saa nne asubuhi, ili hata ukipoteza saa tatu, keki ipate usiku mzima wa kuganda.

Baba Mdogo: Kuhusu usafiri, kutoka Tabata mpaka Kigamboni nitaibeba mimi kwenye gari. Jumamosi Barabara ya Mandela ina foleni, kwa hiyo tutapita mapema na kuvuka kwa daraja badala ya kusubiri kivuko.

Shangazi Stella: Chukua deli kubwa, kaka, lenye barafu chini, na juu ya barafu ubao au sinia ili chombo kikae sawasawa. Keki isafiri ikiwa bado na ukingo wake. Ukingo utafunguliwa kulekule.

*Ijumaa usiku*

Neema: Shangazi, nimemaliza saa tisa alasiri. Umeme ulikatika mara moja kwa saa moja na dakika kumi, nikafuata ulivyosema, sikufungua friji. Sasa hivi nimetikisa chombo kidogo: pembeni pametulia, katikati pana mtikisiko mdogo sana kama wa mtindi wa mgando. Nimepitisha kisu nilichokichovya kwenye maji ya moto na kukifuta, nikachungulia ukingoni. Mistari iko mitatu, kahawia, nyeusi na nyeupe, na hakuna uliomwingilia mwenzake.

Shangazi Stella: Mtikisiko huo utakuwa umekwisha alfajiri. Unga wa kakao usiunyunyize leo, utalowana na kuwa madoa. Ubebe kwenye kichujio cha chai, uunyunyize kulekule. Kaka na wifi yangu wamekulia Kyela, kwenye wilaya ya kakao, na ningependa rangi hiyo iwe ya kwanza kuonekana wakisogezewa sinia.

Zuhura: Bilauri ziko 24, zimefunikwa, zimo kwenye friji yangu. Watoto wangu wameonja moja na wameniomba ya pili.

Baba Mdogo: Deli nimelisafisha. Nitakuwa mlangoni kwa Neema saa mbili na nusu asubuhi, kisha nampitia Zuhura.

Neema: Karibu sana, Baba Mdogo. Barafu ninayo.