Mjadala: Wimbledon ilikuwa sahihi kuwafungia Warusi mwaka 2022?

Mzee wa Changanyikeni
Wakuu, hili bado linanikera. Aprili 2022 Wimbledon, wale wa mashindano ya tenisi kule London, walitangaza Warusi na Wabelarusi hawachezi, kisa vita ya Ukraine. Medvedev, namba mbili duniani wakati huo, na kabla mashindano hayajaanza akawa namba moja: nje. Rublev, aliyeandika kwenye kioo cha kamera pale Dubai kwamba hataki vita: nje. ATP na WTA, wasimamizi wa tenisi ya kulipwa ya wanaume na wanawake, wakakasirika, wakafuta pointi zote za kupanga namba za wachezaji. Djokovic akabeba kombe na akashuka hadi namba saba! Mwaka uliofuata wakawafungulia mlango kwa masharti, na vita bado inapigwa vilevile. Nauliza: Marekani na Uingereza walipoingia Iraq 2003, wachezaji wao Roddick na Henman walifungiwa wapi?

Binti Kahama
Kichekesho ni upande wa wanawake. Kombe lilikwenda kwa Elena Rybakina, mzaliwa wa Moscow! Alihamia Kazakhstan 2018 kwa sababu huko walimpa hela ya kujiendeleza. Mrusi wa kuzaliwa anainua kombe pale pale walipozuia Warusi. Na aliyelia ni Ons Jabeur wetu wa Tunisia, seti ya kwanza kachukua, mbili zilizofuata zikamponyoka 6-2, 6-2.

Kamanda Dagaa
"Wetu" tangu lini? Wimbledon ya mwaka ule yote ilikuwa bonanza, wakali hawapo. Hata kikombe cha watoto cha yule Mkenya, Okutoyi, mimi nakihesabu ushindi wa mezani.

Msafiri wa Voi
Ati wa mezani? Wewe Dagaa umewahi kushika raketi ama unashika tu simu? Angella Okutoyi na mwenzake Mholanzi, Rose Marie Nijkamp, walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakarudisha 6-4, wakamaliza 11-9 kwenye zile pointi za kuamua. Kumi na moja kwa tisa! Meza gani inatoa jasho hivyo? Mkenya wa kwanza kushinda taji la vijana la Grand Slam, yale mashindano manne makubwa ya tenisi, na msichana amelelewa na nyanya yake, si mtoto wa waziri. Halafu nenda uangalie walimpiga nani. Wakanada wawili, mmoja wao Victoria Mboko. Huyo huyo Agosti 2025 alibeba kombe la Montreal, akamtoa huyo Rybakina wenu kwenye nusu fainali na Naomi Osaka kwenye fainali. Haya, leta porojo nyingine.

Mtoto wa Goma
Bandugu, Mboko si Mkanada. Wazazi wake ni Wakongo. Huyo ni wa kwetu.

Mzee wa Changanyikeni
Tusitoke nje ya mada jamani. Na kwa kuwa Dagaa ameitaja meza, kuna kombe la mezani la kweli. Kombe la Davis, lile la timu za taifa, lilikwenda Afrika Kusini ya makaburu kwa sababu Wahindi waligoma kucheza nao fainali. Miaka ya themanini ile. Pale aliyesusa ni mchezaji na nchi yake, hakufukuzwa na mwenye uwanja. Hiyo ndiyo tofauti ninayoitaka tuijadili.

Binti Kahama
Ni 1974, Mzee. Amritraj na ndugu yake walikuwa kwenye timu ile ya India.

Kamanda Dagaa
Nirudi kwa huyu wa Voi. Kushika raketi? Nimeokota mipira utotoni kwenye klabu moja ya wakubwa hapa Dar, jua la saa nane, malipo soda. Ukigusa raketi ya mteja unakula kofi. Tenisi naijua kwa kuiangalia kutoka pembeni kuliko wewe unayeijua kwa kugugo. Usinifundishe.

Msafiri wa Voi
Pole kwa kofi. Lakini basi wewe ndiye ungepaswa kumpigia makofi yule dada kwanza.

Mla Mihogo
😂😂 Kofi na makofi. Wa Voi umeua.

Kamanda Dagaa
Mnacheka nini? Nimesema mashindano yalipungukiwa watu, sijasema dada hajui. Wakenya mkiguswa kidogo povu. Mkishinda riadha mnatamba, mkishinda tenisi ya watoto mnatamba. Leteni la wakubwa.

Msafiri wa Voi
Accra 2024, Michezo ya Afrika, Okutoyi huyo huyo, dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja. Ilikuwa ya wakubwa ile. Sasa wewe tutajie Mtanzania mmoja. Mmoja tu. Nasubiri.

Mla Mihogo
Hapo sasa.

Mwalimu Chanika
Swali la Voi si la haki. Tenisi haichezwi kwenye vumbi kama mpira wa miguu, inataka sakafu, wavu, mipira inayochakaa upesi, kocha wa kulipwa. Viwanja vingi alivyotuachia mkoloni viko ndani ya klabu zenye geti. Taja shule ya kata yenye wavu wa tenisi, halafu ndipo uulize mchezaji.

Mtoto wa Goma
Nyinyi mnagombana, mimi narudia: Mboko wa kwetu. Hamjanijibu.

Binti Kahama
Wazazi wake wametoka Kinshasa, kaka. Huko ni Kilingala. Wewe wa Goma unadai nini?

Mtoto wa Goma
Pasipoti ni moja, dada. Kama Rybakina anaweza kuwa Mkazakhi kwa hela ya mazoezi, Mboko anashindwaje kuwa wangu kwa damu, bure?

Kamanda Dagaa
Huyo wa Goma mpeni. Ila kombe la Okutoyi bado nusu.

Msafiri wa Voi
Nusu ni ya Mholanzi, hesabu unazo. Mtanzania mmoja, Dagaa. Bado nasubiri.